Mwezi Wapunguziwa Kazi

Waswahili, kwa adabu yao, hawasemi kwamba mwanamke anatoka damu. Husema yumo mwezini, na mwenye kuelewa huelewa. Kwa usemi huo mwezi umepewa cheo kikubwa nyumbani. Hupita kukagua kila baada ya siku 28 hivi, kama sajini apitaye kambini. Ukichelewa siku mbili tatu, mke huhesabu vidole, mume hutazama kalenda, na wote wawili hukosa usingizi.

Mwaka 1957 serikali ya Marekani iliruhusu vidonge viitwavyo Enovid kwa tiba ya matatizo ya hedhi, na mwaka 1960 ikaviruhusu kuzuia mimba. Miongoni mwa walioviandaa alikuwamo John Rock, daktari wa Boston na Mkatoliki wa dhati. Mwanamke akivimeza mfululizo, hedhi husimama, naye huingiwa na hofu kwamba amepata mimba ile ile aliyokuwa akiikimbia. Ikaamuliwa basi apumzike siku chache kila mwezi ili damu ionekane. Rock alitumaini pia kwamba dawa inayofuata mwendo wa maumbile ingepata kibali cha kanisa lake. Mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita alikataa. Kibali hakikupatikana, lakini mapumziko yakabaki.

Hapo ndipo penye kichekesho. Damu ya mapumziko hayo si hedhi halisi; hutoka kwa sababu mwili umekosa dawa kwa siku chache. Kwa miaka mingi akina mama wamevumilia maumivu ya tumbo kwa ajili ya mgeni aliyealikwa kwa heshima tu.

Mwaka 2003 Marekani iliruhusu Seasonale: vidonge 84 vyenye dawa, kisha 7 visivyo na dawa. Hedhi ikawa mara 4 kwa mwaka badala ya 13. Mwaka 2007 kikafuata Lybrel, cha kumezwa mwaka mzima bila pumziko. Mwaka 2008 wachekeshaji wa televisheni wa Saturday Night Live wakatunga tangazo la mzaha la kidonge cha hedhi moja kwa mwaka. Siku hiyo ikiwadia, aliye karibu na ajihadhari!

Wanaume wengi, hata wasomi, hawajui hesabu ya jambo hili. Mwaka 1983, Sally Ride alipokuwa akijiandaa kwa safari ya angani ya siku sita, wahandisi walimwuliza kama sodo 100 zingetosha. Waliojua kupeleka chombo angani na kukirudisha salama walishindwa na hesabu aijuayo kila msichana wa shule.

Lakini jambo hili si la kucheka tu. Baadhi ya askari wanawake wa Marekani waliopelekwa Irak na Afghanistan walimeza vidonge mfululizo, kwani katika msafara wa jangwani hakuna choo wala faragha. Tena wako akina mama ambao hedhi huwatoa damu nyingi hata wakapungukiwa nayo mwilini. Kwao nafuu hiyo si anasa.

Asiogope mtu kwamba damu hujilimbikiza tumboni. Dawa huufanya utando wa mji wa mimba uwe mwembamba, hivyo hakuna cha kujilimbikiza. Miezi ya kwanza matone huja bila hodi. Avutaye sigara aliyetimiza miaka 35, mwenye shinikizo la damu, na aliyewahi kugandiwa damu mishipani wasiviguse bila kumwona daktari. Wala vidonge havikingi maradhi ya zinaa.

Na bwana mwenye nyumba afanye nini? Aiache kalenda, amwulize mkewe, kisha asikilize jibu. Mwezi nao hautanung'unika. Bado unayo kazi ya kumwangazia askari aliye lindoni.