Ngurumo ya Injini Nne

Kosa lilikuwa langu. Kila Septemba, wikendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi, huwa na maonyesho ya ndege kando ya Ziwa Ontario, na sisi wa Regent Park huyasikia bila kununua tiketi. Mwaka huo nilimwita shosho roshanini aione Lancaster inayotunzwa katika makumbusho ya Hamilton, moja kati ya mbili tu duniani ambazo bado huruka.

Ilipita polepole, chini chini, injini zake nne za Merlin zikinguruma. Nilipogeuka, shosho hakuwapo. Nilimkuta ameketi kwenye korido, mbali na madirisha.

"Ni ile," alisema. "Ile ya Nyandarua."

Nilitaka kumsahihisha, sisi wa chuo kikuu tuna ugonjwa huo. Niliposoma baadaye niliona yeye ndiye aliyekaribia ukweli. Kikosi nambari 49 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilitumia Lancaster kuipiga Ujerumani ya Hitler tangu 1942. Baada ya vita kilipewa Lincoln, ndege iliyotokana na Lancaster, yenye injini nne za Merlin vilevile. Novemba 1953 Lincoln hizo zilitua Eastleigh, Nairobi. Vikosi vingine vikafuata kwa zamu, na hadi 1955 vilikuwa vikiangusha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walimojificha wapiganaji wa Mau Mau.

Shosho alikuwa na miaka minane. Kaka yake mkubwa alikuwa msituni.

"Bomu likilia, mama anaacha kumenya viazi," aliniambia. "Kukinyamaza, anaendelea. Hakutuambia kitu."

Kaka hakurudi. Hayo nilikuwa nikiyajua tangu utotoni. Sauti yake ndiyo sikuijua.

Lancaster 430 ziliundwa Malton, palipo na uwanja wa ndege wa Toronto siku hizi. Mzee mmoja wa jengo letu, ambaye baba yake alirushwa na mojawapo hadi Ujerumani na kurudi salama, hushuka uani kila inapopita, akavua kofia. Simlaumu. Hitler hakuangushwa kwa maombi.

Kesho yake tulikutana naye kwenye lifti. Alimuuliza shosho, kwa furaha kabisa, kama aliiona ndege. Shosho Kiingereza chake ni cha sokoni, akanitazama mimi.

"Mwambie nimeisikia."

Nikatafsiri hivyo hivyo. Mzee akatabasamu, akambonyezea kitufe cha ghorofa yetu.