Samaki Mdogo Hali Kama Mkubwa

Mwezi huu tuongee habari ya samaki wa mapambo. Najua wengine watacheka: mwalimu, sisi tunatafuta kitoweo, wewe unatuletea samaki wa kuangalia tu! Ngojeni kidogo.

Sisi tuliotoka Uvira, Baraka na Kalemie ni watu wa Ziwa Tanganyika. Kwenye mawe ya ziwa letu kuna samaki wa rangi nzuri wanaosafirishwa wakiwa hai mpaka Ulaya na Marekani, wanawekwa sebuleni ndani ya sanduku la vioo. Miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa anawapeleka kutoka Bujumbura. Mmoja anaitwa frontosa: ana mistari myeusi na nundu kwenye paji, na anaweza kupita sentimeta 30.

Kilichonigusa ni malezi ya watoto wao. Kitoto cha samaki bado kinajenga misuli, mapezi na damu. Kwa hiyo chakula chake kwa kawaida kinakuwa na protini kama asilimia 45 hadi 50, wakati wakubwa wengi wanatosheka na 30 hadi 40. Tumbo lake ni dogo, basi kinalishwa kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Kikikosa, kinadumaa. Kuzidisha nako ni hatari: mabaki yanaoza, maji yanageuka sumu. Tena si wote sawa. Tropheus, mla majani ya mawe, akizidishiwa nyama anavimba tumbo na kufa.

Sasa niwaulize kwa heshima, baba zangu na mama zangu. Mfuga samaki wa kuangalia tu anajua mdogo ndiye wa kufikiriwa kwanza. Kwetu, ndakala zikipatikana, nani anapewa nyingi? Baba. Mtoto wa miaka miwili anapata ugali na mchuzi. Kumbe kwa kila kilo ya mwili wake yeye anahitaji protini kupita mkubwa: kama gramu 1 kwa siku, mkubwa gramu 0.8.

Najua mgawo hautoshi, siwezi kuwadanganya. Lakini hicho kidogo tunaweza kukigawa vingine. Twanga ndakala kavu, tia kijiko kwenye uji wa mtoto. Ponda maharagi yalainike, mpe yeye kwanza.

Baba asikasirike. Mkubwa ameshajengwa, mdogo ndiyo kwanza anajengwa.

Mwalimu wenu wa kujitolea