Msikiti Bila Watu na Watu Bila Msikiti

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii husemwa zaidi juu ya nyumba za kuishi na tabia za wenye nyumba, lakini yafaa vilevile kwa nyumba za ibada. Yaliyowapata Waislamu wa madhehebu ya Shia katika miji miwili iliyo mbalimbali, Kampala na Tbilisi, yanaionyesha maana yake waziwazi.

Wengi wa Mashia walioishi Kampala asili yao ilikuwa Gujarati, huko India. Wazee wao walishuka kwanza Zanzibar na Mombasa, na baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 safari ya kuingia Uganda ikawa nyepesi kuliko zamani. Walikuwa makundi matatu: Maismailia, Mabohora na Ithnaasheri. Kila kundi lilikuwa na mahali pake pa kusali, pa kufungia ndoa na pa kuwaombea marehemu wake.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, na muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Hata baadhi ya waliokuwa raia walijikuta uraia wao umekataliwa. Familia iliruhusiwa kuchukua kama pauni 50 tu za Kiingereza. Katika nyumba nyingi akina mama walikaa sakafuni wakichagua la kufungasha na la kuacha. Tasbihi iliingia katika sanduku. Iliingia pia turba, kile kipande kidogo cha udongo ambacho Mshia huwekea paji la uso anaposujudu. Msikiti haukuweza kufungashwa.

Watu wakaondoka, kuta zikabaki. Zaidi ya watu 27,000 walipokelewa Uingereza, na maelfu wengine, wakiwamo Maismailia wengi, wakaenda Kanada. Mwezi wa Muharram uliofuata uliangukia Februari 1973. Watu waliozoea kukumbuka msiba wa Karbala kwa pamoja mjini Kampala waliukumbuka ugenini, katika majira ya baridi, kila familia mahali ilipotupwa.

Mji wa Tbilisi, makao makuu ya Georgia, ulipatwa na msiba wa namna nyingine. Huko ni kuta zilizoondoka, watu wakabaki.

Msikiti wa Mashia wa Tbilisi ulikuwa na asili ya mwanzo wa karne ya 16, enzi ya Shah Ismail, mfalme aliyeufanya Ushia kuwa madhehebu rasmi ya dola ya Uajemi. Ulisimama katika mji wa kale, kando ya mto Mtkvari, karibu na daraja la Metekhi. Georgia ilipiganiwa mara nyingi na Waajemi, Waturuki na Warusi, na katika karne ya 19 msikiti huo ulijengwa upya. Ulikuwa wa mtindo wa Kiajemi, mtindo unaopenda kuba, matao marefu yaliyochongoka na vigae vya kung'aa vyenye rangi ya samawati. Kwa rangi hiyo wenyeji wakauita Msikiti wa Buluu.

Mwaka 1951, wakati Georgia ikiwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, wakuu wa serikali waliamua kujenga daraja jipya hapo Metekhi. Msikiti ukabomolewa. Leo msafiri avukaye daraja hilo anaweza kupita asijue kwamba palikuwapo nyumba ya ibada.

Mashia wa Tbilisi wangeweza kutawanyika. Lakini mjini ulibaki msikiti mmoja, nao ulikuwa wa Masuni. Masuni wakawafungulia mlango. Mwanzoni pazia lilitenganisha pande mbili, kwa kuwa namna za kusali zinatofautiana: Masuni wengi hufunga mikono kifuani, na Mashia huiacha ikining'inia ubavuni. Mwaka 1996 pazia hilo liliondolewa. Tangu hapo wamekuwa wakisali chini ya dari moja bila kizuizi kati yao, na hakuna aliyelazimishwa kuacha madhehebu yake.

Tukiirudia Kampala, tunaona kwamba serikali iliyofuata baada ya Amin ilitunga sheria ya mwaka 1982 ya kurudisha mali zilizotwaliwa, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa majengo yao. Hilo lilikuwa jambo la haki, na ibada ya Kishia imo tena mjini humo. Lakini sheria hurudisha hati na funguo. Haiwezi kumrudisha mzee aliyefia ugenini, wala mtoto aliyekulia London akaisahau njia ya kwenda msikitini alikopelekwa na babu yake. Waliotawanyika walilazimika kuanza upya. Mwaka 1976 Ithnaasheri wenye asili ya Kikhoja walianzisha Uingereza shirikisho lao la dunia, kusudi jamaa waliotengana wapate kufahamiana.

Basi, katika misiba hii miwili, upi ulikuwa mkubwa zaidi? Vigae vya Tbilisi havitarudi, na uzuri ule ni hasara kwa watu wote, hata wasio Waislamu. Hata hivyo safu ya waliosali ilipata pa kusimama, kwa sababu jirani alisogea. Kampala majengo yalibaki, ila waliopaswa kusogea na kusema, "Hawa ni wenzetu," walinyamaza, wengine kwa hofu, wengine kwa tamaa ya maduka na nyumba.

Mzazi apitaye na mwanawe mbele ya msikiti, kanisa au hekalu lisilo la dini yake asimwonyeshe mnara na rangi tu. Amweleze pia ni akina nani wanaosali mle, na kwamba nao ni majirani. Siku ya shida itakapofika, mtoto huyo atakuwa amekwisha kuwajua.