Ndege isiyo na injini ilivyonipatanisha na mwanangu

Msomaji mpendwa, nina kisa cha kukusimulia, na huenda ukishakisoma utafikiri mara mbili kabla ya kumchapa mtoto kwa kosa la kuchana daftari.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko kando ya Barabara ya Ngong, na nyumba yangu iko kijiji cha Raila, Kibera. Wewe unayekaa huku unajua jinsi tunavyoishi na ndege. Uwanja wa Wilson uko karibu nasi, na tangu alfajiri ndege ndogo za kwenda Mara, Lamu na Turkana huvuma juu ya mabati yetu. Mtu mzima hashtuki tena. Lakini mtoto, kila ikipita moja, huinua uso.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mmoja nilipogundua kwamba daftari lake la hesabu lilikuwa limepungua kurasa kumi na nne. Nilimwuliza zimekwenda wapi. Akanyamaza. Nikakuta ndege za karatasi chini ya kitanda. Daftari nalinunua kwa jasho, na siku hiyo mteja alikuwa ameniambia nimsubiri hadi mwisho wa mwezi. Nilimtandika, tena kwa hasira zilizokuwa za mteja wala si za daftari.

Juma moja baadaye, mama mboga wa pale kwetu alinipigia simu. "Baba, kijana wako yuko juu ya paa!" Nilikimbia. Nikamkuta amelala kifudifudi juu ya mabati yaliyooza kwa kutu, ameunyosha mkono kuifikia ndege yake, na waya wa stima uliounganishwa kiholela ukipita shubiri moja hivi kutoka kichwani pake. Msomaji, sikupiga kelele. Nilimwambia kwa sauti ya chini arudi nyuma polepole, goti kwa goti. Aliposhuka, kiganja kilikuwa kimechanwa na bati, na mimi miguu ilikuwa haina nguvu.

Nilipokuwa nikimsafisha kidonda, karatasi ilianguka kutoka mfukoni mwake. Ilikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula. "Ya kwanza, hatua 6. Ya pili, pua nzito, hatua 9. Ya tatu, mkia umekunjwa, hatua 13." Iliendelea hivyo hadi ya kumi na nne.

Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kupima na kuandika. Nilikuwa nimemchapa mtoto kwa kufanya kazi yangu.

Kinachoiinua

Nilikuwa na njia mbili: nipige marufuku ndege zote nyumbani, au nijifunze naye na kumtafutia mahali salama. Nilichagua ya pili, kwa sababu nilijua ile ya kwanza ingemrudisha kwenye paa nikiwa sipo. Tatizo ni kwamba sikujua chochote. Aliyenisaidia ni mpwa wangu, binti wa dada yangu anayeishi Kawangware, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu na akiipenda fizikia.

"Mjomba," alinieleza, "glaida ni ndege isiyo na injini. Inaanguka tangu inapoachwa mkononi. Ujanja ni kuifanya ianguke polepole na mbali."

Hebu fikiria umetoa mkono nje ya dirisha la matatu. Ukiulaza kiganja sawasawa, upepo unapita tu. Ukikiinua kidogo upande wa mbele, mkono wote unasukumwa juu. Bawa hufanya vivyo hivyo: huielekeza hewa chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Wako wanaodai kwamba hewa ya juu ya bawa hukimbia ili ikutane na mwenzake wa chini kwa wakati mmoja. Si kweli, hakuna kinachoilazimisha ikutane naye. Bawa lililopinda hufanya kazi vizuri zaidi, lakini hata karatasi bapa hupaa, mradi tu iikabili hewa kwa pembe ndogo.

Pembe hiyo ikizidi, mambo huharibika. Hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa, hujitenga nao na kuvurugika, na ndege hukosa kitu cha kuiegemea. Utaiona ikiinua pua, ikisimama kidogo kama mtu aliyesahau jambo, kisha ikianguka. Hilo ndilo lililomuua Mjerumani Otto Lilienthal Agosti 1896. Alikuwa amepaa na glaida zake zaidi ya mara 2,000, lakini siku hiyo glaida ilipoteza mwendo hewani, ikaanguka naye.

Zaidi ya hapo kuna ukinzani, yaani hewa inavyokirudisha nyuma kila kitu kinachoikata. Ukitaka kujua glaida yako inapambana vipi na ukinzani, pima hivi: iachie kutoka kimo cha mita moja na nusu, usiitupe kwa nguvu, kisha pima ilipotua. Ikitua mita 9 mbele, gawanya 9 kwa moja na nusu. Jibu ni 6. Kila mita moja inayoshuka, inakwenda mita sita mbele. Glaida kubwa za kisasa zinazobeba watu hupita 40. Mwanangu, ambaye hesabu za kugawanya zilikuwa zikimtoa machozi, sasa alizifanya kwa kidole mchangani.

Jambo lililonishangaza zaidi ni uzito. Nilidhani glaida nzito lazima ifike karibu. Kumbe uzito, ukiwekwa mahali pake, haubadilishi sana umbali; hubadilisha kasi. Ile nzito huteremka mteremko uleule, ila kwa haraka zaidi. Hewa yetu nayo ina mambo yake. Nairobi iko juu, na uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya sita. Kwa hivyo glaida ileile ikipelekwa Mombasa itapaa taratibu zaidi kuliko hapa Raila.

Jinsi ya kuiunda

Watu wa ng'ambo hutumia mbao laini za balsa, ambazo sisi hatuna kwa urahisi. Lakini sahani nyeupe nyepesi ambazo maduka makubwa hufungia nyama zinafaa mno. Kata vipande viwili vya mabawa, kila kimoja urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 8. Mwili ni kijiti cha mshikaki cha sentimita 30. Mkia wa kulala ni sentimita 14 kwa 5, na ule wa kusimama ni sentimita 6 kwenda juu. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Usithubutu kutumia gundi kali ya viatu, maana huiyeyusha foamu kama barafu juani. Niliharibu mabawa mawili kabla ya kuamini.

Unganisha mabawa hayo juu ya kijiti, ukiacha sentimita 6 za pua mbele yake. Yasilale bapa, kila ncha iinuke kama sentimita tatu, mfano wa herufi V iliyofunguliwa sana. Kazi ya V hiyo ni kuirudisha glaida sawa ikilalia upande. Mabawa yawe marefu na membamba kuliko mapana na mafupi, kwa kuwa kwenye kila ncha hewa ya chini hutoroka kwenda juu na kuzunguka kama maji ya sinki, na mzunguko huo hula nguvu.

Sasa ongeza udongo kidogo puani hadi glaida itulie sawa ukiishika kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kama sentimita mbili na nusu nyuma ya ukingo wa mbele. Hapo ndipo penye siri yote. Ikipiga pua chini moja kwa moja, punguza udongo, au pinda ukingo wa nyuma wa mkia juu kidogo sana. Ikipanda na kuanguka, ikapanda tena na kuanguka, ongeza udongo. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, uandike. Ukibadilisha mawili, hutajua lipi limekusaidia.

Msomaji, usifikiri huu ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 1804 Mwingereza George Cayley aliunda glaida ndogo ya kurusha kwa mkono: bawa lake lilikuwa tiara, mwili wake kijiti, na nyuma aliweka mkia. Umbo hilo ndilo ndege zinazotua Wilson zinalo hadi leo. Orville na Wilbur Wright walikuwa mafundi wa baiskeli, jua kali kama mimi. Kabla ya kupaa kwa injini tarehe 17 Desemba 1903, walijaribu glaida mwaka 1900, 1901 na 1902. Zilipowasumbua, waliunda sanduku la kupuliza upepo, wakapima ndani yake mabawa madogo ya maumbo mbalimbali yapatayo 200, wakiandika kila jibu. Niliposoma hayo nilimkumbuka mtoto aliyeandika hatua zake kumi na nne, na fimbo niliyomlipa.

Mahali pa kurushia

Shida yetu kubwa Kibera si vifaa, ni nafasi. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule ili kupisha barabara, na kila mwaka viwanja vinazidi kumezwa na nyumba. Sisi hutumia kiwanja cha shule moja siku za Jumapili, kwa ruhusa. Twende asubuhi, kabla upepo haujaamka, na turushe tukiukabili upepo. Nairobi upepo hutoka mashariki mara nyingi, na ndege hupenda kutua zikiukabili. Ndiyo maana nyingi zinazotua Wilson hutujia kutoka upande wa machweo.

Nina masharti matatu ambayo hayana mjadala. Kwanza, ikitua juu ya paa, imekwenda. Hakuna wa kupanda, tutaunda nyingine. Pili, hatutupi karibu na nyaya wala barabara. Tatu, ni glaida za mkono tu. Droni na ndege za rimoti zina sheria zake chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na sisi tulio mlangoni mwa uwanja wa ndege hatuna haki ya kufanya mzaha na maisha ya abiria.

Februari moja tulichelewa, tukafika kiwanjani jua likiwa la utosi. Mwanangu alikuwa na glaida yake ya tisa, nyepesi kuliko zote, naye alikuwa amepinda mkia wa kusimama kidogo ili izunguke. Aliiachia. Ikazunguka mara moja, ikapita juu ya ukuta, na badala ya kushuka ikaanza kupanda.

Nilielewa baadaye. Mabati ya Kibera yakichomwa na jua huipasha moto hewa iliyo juu yake, na hewa ya moto hupanda. Mwewe wanajua, ndiyo sababu huwaoni wakipiga mabawa saa za mchana. Walikuwa wawili siku hiyo, wakizunguka juu, na glaida ya foamu ikizunguka chini yao. Watoto wote walinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aliuliza, "Hiyo ina injini?" Hakuna aliyemjibu. Upepo uliibeba kuelekea Msitu wa Ngong hadi ikawa nukta, kisha ikawa hakuna.

Nilimtazama mwanangu nikidhani atalia, maana aliifanyia kazi majuma matatu. Alikuwa ameshika penseli. "Baba," aliniuliza, "niandike hatua ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilichukua nafasi hiyo kumwambia jambo ambalo lilikuwa limenikaa kooni kwa muda mrefu: kwamba siku ile ya daftari nilikosea. Sisi wanaume wa huku hatuzoei kuwaomba watoto radhi, na maneno yalitoka vibaya. Aliniangalia kidogo, akasema, "Sawa, baba," kisha akauliza kama sahani za foamu zimebaki nyumbani.

Sikuahidi kwamba mtoto wangu atakuwa rubani, msomaji, wala sikuahidi wako. Karo ya urubani naijua, nami nauza meza na viti. Lakini hesabu zake zimepanda, kiganja kimepona, na paa halimwoni tena. Jumapili ijayo, ukimwona wako amechana ukurasa, usikimbilie fimbo. Mwulize kwanza imefika hatua ngapi. Kisha umnunulie daftari jingine, la kuandikia hatua.