Jioni ya mnazi, Muheza

Nimepotea kidogo, si mnajua tena likizo, na bumu lenyewe lilishakata... Niko nyumbani Muheza, na wikiendi hii nilitembelewa na rumeti wangu wa Mwanza. Jamaa alikuja na wimbo mmoja tu: anataka kuonja mnazi. Machungwa hata hakuyaangalia!

Basi jioni tukaanza mzunguko wa vilabu. Cha kwanza kilikuwa Majengo. Mnazi ulikuwa wa asubuhi, kufika saa kumi na mbili jioni umeshakuwa mkali. Jamaa alikunja uso kama kalamba ndimu, kwi kwi kwi! Cha pili sikitaji jina. Pale ule msemo wa mgema akisifiwa tembo hulitia maji tuliuonja kwa ulimi.

Nikamwambia twende kwa babu, nje kidogo ya mji.

Tukamkuta juu ya mnazi na kotama yake. Ngazi hakuna, ni vipandio tu alivyochonga kwenye shina. Anakata ncha ya karara ambalo halijachanua, maji yake yanadondoka kwenye kibuyu. Alioushusha jioni ile ulikuwa mtamu, povu linapanda taratibu. Sisi wa kemia tunajua: chachu ya hewani inakula sukari, inatoa pombe na gesi. Ukiulaza siku mbili unaelekea kuwa siki. Waingereza nao wana bia inayomalizia kuchacha ndani ya pipa hukohuko baa, na mwaka 1971 waliunda chama kabisa cha kuitetea, CAMRA. Lakini bia yao inaweza kusubiri siku kadhaa. Mnazi haumsubiri mtu.

Na hapo ndipo penye stori yangu. Karara lazima likatwe upya asubuhi na jioni. Ukiruka, kidonda kinakauka na tembo linakatika. Ndiyo maana miaka yote hii babu halali nje ya Muheza. Ada yangu ya sekondari ilitoka juu ya minazi ile, lakini chuo chenyewe hajakiona. Na pale nyumbani hakuna kijana anayepanda tena, wote wako kwenye bodaboda.

Rumeti, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza: "Babu, mahafali utakuja?"

Jamani, swali hilo nimeliogopa tangu mwaka wa kwanza. Babu akafuta kotama, akatujazia bilauri.

"Nitakuja. Makarara yatakauka, mjukuu wangu. Nikirudi nitaanza mengine."

Alisema kirahisi hivyo. Lakini karara jipya lina siku zake za kufungwa na kuzoezwa kabla halijatoa kitu, na siku hizo zote hana cha kuuza.

Kwa hiyo wadau, siku ya mahafali mkishikana mkono na mzee mwenye viganja vigumu kama gome, jueni ndiye. Mpeni shikamoo ya nguvu.

Haya, tuonane chuo!