Silingi ya Noah ya Marehemu Baba

Leo hatuna shela wala mtandio wa kuwaonyesha, tuna silingi ya gari. Subirini, mtaona inavyomhusu bi harusi.

Mdogo wetu aliolewa Agosti hapa Ujiji, mume anakaa Bangwe. Palisemwa ikodiwe gari ya maharusi, na mkono wetu haukuwa mrefu. Wapo waliosema tukope. Mama akakataa katakata kuingia kwenye riba kwa safari isiyofika nusu saa. Gari ipo, akasema. Ipo kweli: Noah ya marehemu baba, iliyobeba magunia ya dagaa kutoka Kibirizi miaka na miaka. Silingi ilishaachia, inaning'inia kama chandarua, ukikaa nyuma unga wa sponji unakumwagikia kichwani. Humo umpandishe bi harusi na shela jeupe?

Fundi mmoja alitutajia bei, tukatazamana. Sisi tunashona kwa kulipwa. Silingi ni nini, kama si kitambaa, sponji na gundi?

Kitambaa chenyewe huwa kizima. Nyuma yake kuna sponji nyembamba, na joto la miaka huila ikawa unga. Ndiyo maana ukibandika upya kitambaa kilekile kinaachia tena: gundi inashika unga, haishiki ubao. Lazima vyote vitoke.

Tulichomoa waya wa betri, kisha vizuia jua, mishikio, taa ya ndani na plastiki za nguzo. (Kama nguzo za gari yako zimeandikwa SRS AIRBAG, hapo mwite fundi umeme, usibahatishe.) Ubao wa silingi tuliutolea mlango wa nyuma, watu watatu, maana ukikunjwa unapasuka. Tukaulaza kwenye mkeka chini ya mwembe, tukafunga barakoa na kuusugua kwa brashi ya nguo hadi unga wote ukaisha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Asubuhi nzima iliishia hapo.

Mama alikuwa kibarazani, kimya. Juu ya kiti cha dereva palikuwa na alama nyeusi, mahali kofia ya baba ilipokuwa ikigusa kila akiingia. Tulipoanza kukichana kitambaa alisema, "Hapo msipatupe." Tukakata kipande kama cha kurasa mbili za daftari tukampa. Yupo aliyesema tuharakishe, watu wa gundi wanasubiri. Hatukuharakisha.

Kitambaa kipya tulichukua mita 3, upana inchi 60, kile kinachovutika na chenye sponji nyuma. Msinunue satini ya kupambia kumbi, itaonyesha kila tone la gundi. Na gundi iwe inayostahimili joto, kwa sababu gari iliyoanikwa juani huwa tanuri, na gundi ya kawaida inalainika. Paka ubao, paka na mgongo wa kitambaa, ngoja hadi ukigusa inanata bila kutoka na kidole. Anzieni katikati, mkisukuma kwa viganja kuelekea pembeni. Penye bonde, kandamizeni bondeni kwanza ndipo mwende mbele. Mkivuta juu kwa juu pataachia. Achia upindo wa nyuma, na tundu la taa likate dogo, mkasi hauna kurudisha. Hapa mshonaji anajiona yuko nyumbani.

Yote haya uani, mbali na jiko la mkaa, gundi inashika moto upesi. Wifi yetu mjamzito tulimpeleka kwa jirani. Kiangazi cha Kigoma kina vumbi, kwa hiyo tulimwagia uwanja maji kabla ya kufungua gundi. Fanyeni angalau wiki moja kabla ya harusi, milango ikiachwa wazi mchana, harufu iondoke.

Plastiki za nguzo tulizifua kwa sabuni tu, zikarudi. Stika ya dua ya kupanda chombo hatukuigusa, ipo palepale baba alipoibandika.

Bi harusi alifika Bangwe na shela lake safi. Harufu ya dagaa kwenye zulia la chini ndiyo bado. Siku ile tuliizima kwa udi na mikeka miwili. Mwenye dawa yake atuandikie, Mungu atamlipa.