Kutoka Roseville hadi Shimoni: Safari ya Uvuvi kwa Familia ya Kipato cha Wastani



Ndugu wasomaji, majira ya baridi ndiyo majira ya kupanga safari. Ziwa Owasso na Ziwa Josephine yanapoganda, na wenyeji wa Roseville wanapotoboa barafu na kuketi juu yake na ndoana zao, ndipo watoto wetu huanza kuuliza kama mwaka huu tutakwenda nyumbani. Wengi wao wamezaliwa huku. Samaki wanamjua akiwa kipande kigumu ndani ya karatasi ya plastiki. Hawajapata kuushika mshipi wakasikia uzito wa kiumbe hai upande wa pili. Kwa hiyo tumeona vema kuizungumzia safari ya uvuvi wa baharini katika mwambao wetu, kwa familia isiyo na fedha za kuchezea.

Vitabu vya watalii huonyesha mashua kubwa za injini zitokazo Watamu, Malindi na Shimoni kuwasaka sulisuli na jodari. Uvuvi huo una sifa ya miaka mingi. Hata mwandishi Ernest Hemingway alivua katika pwani ya Kenya mwaka 1954. Lakini kukodi mashua ya namna hiyo hugharimu mamia ya dola kwa siku moja. Uko uvuvi mwingine katika bahari hiyo hiyo: wa mshipi wa mkono, ndani ya ngalawa au mashua ndogo, karibu na miamba. Humo mna changu, tasi, chewa na kolekole, na huo ndio uvuvi wa wazee wetu. Anayetaka kuufuata kwa fedha kidogo na kwa salama na ayatazame mambo matatu kabla ya kununua tiketi: upepo, mwezi na mahali.

Tuanze na upepo. Shule za huku hufungwa mwezi Juni na kufunguliwa karibu na mwanzo wa Septemba, na familia nyingi husafiri katika kipindi hicho bila ya kufikiri zaidi. Hicho ndicho kipindi cha kusi, ambapo bahari ya nje huchafuka. Hatuna budi kukumbuka kwamba tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilipinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali, na watu wengi wakafa maji. Ikiwa meli ilishindwa, ngalawa yenye watoto haina hoja ya kutoka nje ya mwamba. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo bahari ya utulivu na samaki wakubwa. Basi mzazi ana njia mbili. Akisafiri katika likizo ya Desemba, atalipa nauli kubwa zaidi ya ndege, lakini atapata siku nyingi za kuvua. Akisafiri Julai, apange kuvua ndani ya mikono ya bahari na nyuma ya visiwa tu, na zile siku ambazo upepo hauruhusu ziwe za kuwazuru jamaa. Sisi twaona ni heri kungoja Desemba na kuweka akiba mwaka mzima, kuliko kwenda Julai na kumshurutisha nahodha atoke kwa sababu tu siku zetu zinakwisha.

Jambo la pili ni mwezi, na hapa sisi Waislamu tuna msaada ulio tayari ukutani. Kalenda ya Hijria ndiyo kalenda ya maji. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17. Siku hizo katika mwambao wetu maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi, na akina mama na vijana hutoka miambani kutafuta pweza. Ni siku njema kwa watoto wadogo, kwani huvua kwa miguu, bila ya mashua na bila ya gharama. Maji mafu huja karibu na tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 25. Mkondo hupungua nguvu, mshipi huteremka wima, na hata mwanagenzi huweza kuhisi samaki anapogusa chambo. Basi kodi mashua katika maji mafu, na ziache siku za bamvua kwa miamba. Familia iliyoipanga safari hivi hailipii siku ya mashua isiyo na faida.

Jambo la tatu ni mahali. Tunapendekeza Shimoni, yapata kilomita 75 kusini ya Mombasa, na kisiwa cha Wasini kilicho mbele yake. Kisiwa hicho hukinga mlango wa bahari ulio kati yake na bara. Wenyeji wake ni Waswahili Waislamu. Misikiti ipo, chakula ni halali, na kisiwani hamna magari. Akina mama wa Wasini wanasimamia njia ya mbao inayopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale, na ada yake ni msaada kwa kijiji. Ifahamike kwamba ndani ya hifadhi ya Kisite kuvua ni marufuku, ilhali Mpunguti huruhusiwa uvuvi wa jadi. Ulizeni kwanza kwa kamati ya wavuvi, ijulikanayo kama BMU. Hao ndio wanaowajua manahodha waaminifu na vibali vinavyotakiwa.

Sasa hesabu. Kutoka Nairobi hadi Mombasa, treni ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kivuko cha Likoni hakimtozi mtu anayekwenda kwa miguu, na ng'ambo yake kuna magari ya abiria. Mwenye pasipoti ya Marekani, hata mtoto mchanga, huomba idhini ya kuingia Kenya kabla ya safari, kwa ada ya dola 30 na zaidi kidogo. Mwenye nia ya kuvuka hadi Unguja au Pemba achukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa anatoka Kenya. Na tangu Oktoba 2024 wageni hulipia Zanzibar bima ya dola 44 kwa mtu mzima. Dawa za kukinga malaria zisikatwe kwenye bajeti. Mtoto aliyezaliwa Minnesota hana kinga yoyote, na mzazi aliyekaa huku miaka mingi amekwisha kuipoteza ile aliyokuwa nayo.

Majaketi ya kuokolea maisha ya kimo cha watoto ni adimu vijijini. Yanunuliwe huku mwishoni mwa kiangazi, yanapouzwa kwa bei ya chini, na baada ya safari aachiwe nahodha kama hidaya. Pamoja naye, patana mapema juu ya saa za kutoka na kurudi, mafuta, chambo, na nani atachukua samaki. Usimbane bei hadi akose faida. Dola tano kwetu ni kikombe cha kahawa, kwake ni unga wa nyumba nzima. Na akisema leo hatutoki, neno lake ndilo la mwisho.

Windo la bahari ni halali yetu kwa mujibu wa Sura ya Al-Maida, aya ya 96, wala si la mchezo. Watoto na wafundishwe kwamba samaki aliyevuliwa huliwa, au hupewa jirani. Na wajifunze sala ya msafiri kwa vitendo.

Maandalizi yaanzie hapa Roseville. Barafu ikiyeyuka, wapelekeni watoto ufukweni mwa Ziwa McCarrons. Aliye chini ya miaka 16 na ni mkazi wa Minnesota hahitaji leseni ya kuvua. Wafundisheni kufunga ndoana, kutulia, na majina: chambo, mshipi, nanga, tanga, usukani. Mtoto atakayefika Shimoni akiyajua maneno haya ataweza kumwitikia nahodha kwa lugha yake, na nahodha atamwona kuwa mjukuu aliyerejea, asiwe mtalii aliyepita.

Wabillahi tawfiq.